Zege la Chapa Katika Joto la Jangwani: Mwongozo Kamili kwa Hoshi ya Nje

Kila joto linapoanza kupanda, napokea picha zilezile. Hoshi (ua wa nyumba) imepigwa chapa ya mawe, yaani zege bichi limegandamizwa mihuri ya mpira lifanane na mawe, siku ya kwanza inapendeza, siku ya tatu uso mzima una nyufa nyembamba kama utando wa buibui, na baada ya miezi miwili uso unabanduka vipandevipande chini ya viatu vya wageni. Anayenitumia picha huuliza rangi ipi ilikosewa. Rangi haikukosewa. Uso ulikauka wakati tumbo la zege bado laini, fundi akahisi unamkimbia, akanyunyiza maji ili mhuri uingie, kisha akapiga. Kazi iliharibika palepale.

Mwongozo huu ni wa Oman, ninakofanyia kazi: pwani ya Maskati na Batina, na bara kuelekea Nizwa na Ibri. Aliye Dubai, Lodwar au Garissa anaweza kuufuata pia, maana jua na upepo mkavu vina tabia moja popote. Mfano wangu ni hoshi ya mita za mraba 40, ya kupita watu na kuweka viti jioni, unene sentimita 10. Ikiwa gari litaingia, weka sentimita 12.5 hadi 15 na uongeze vifaa kwa kadiri hiyo.

## Vifaa, kabla ya yote

Usianze kuchimba mpaka vyote hivi vimefika. Kwenye joto hakuna muda wa kumtuma kijana dukani.

Zege na viungo vyake

- Zege la nguvu ya C30 (daraja la nguvu unalotaja ukiagiza), mita za ujazo 4.4. Hesabu ni 40 mara 0.10, kisha ongeza asilimia 10 ya kupotea.
- Kokoto ndogo za milimita 10. Kokoto kubwa hukaa chini ya uso na kuuzuia mhuri usizame.
- Maji yasizidi 0.45 ya uzito wa saruji. Ulaini unaobaki utafutwe kwa dawa ya kulainisha zege, usitafutwe kwa maji.
- Dawa ya kuchelewesha zege kuganda.
- Rangi ya unga ya oksidi ya chuma, ya kuchanganywa ndani ya zege. Kwa saruji kilo 350 kwa kila mita ya ujazo na rangi asilimia 4, utahitaji kilo 14 kwa kila mita ya ujazo, yaani kilo 62 hivi kwa kazi nzima. Nunua yote siku moja, kutoka toleo moja la kiwanda.

Vya ardhini

- Changarawe iliyosagwa, ya kutosha tabaka la sentimita 10 hadi 15.
- Wavu wa chuma wa milimita 6, matundu sentimita 20 kwa 20, na vipande vya zege vya kuuinulia.
- Mbao za pembeni, vigingi, uzi, pima maji, na mashine ya kushindilia.
- Ukanda wa sponji ngumu wa milimita 10, wa kutenganisha zege na kuta na nguzo.

Vya kuchapia

- Mihuri ya mpira isiyopungua 8, na mmoja laini unaopindika kwa ajili ya pembe na kando ya ukuta.
- Kishindilio cha mkono cha bapa, chenye uzito wa kilo 10 hivi.
- Dawa ya maji ya kuzuia mhuri usinate, pamoja na bomba la kunyunyizia.
- Rula ya alumini ya kusawazishia, floti (kibao cha kulainishia uso) ya mpini mrefu, floti ya magnesiamu, mwiko wa ukingo.
- Msumeno wa zege wa kukata mapema.

Vya kupambana na hewa

- Turubai na nguzo za kuzuia upepo, kimo cha mita 2.
- Wavu wa kivuli unaofunika eneo lote.
- Dawa ya kuzuia uvukizi, ile inayotandaza utando mwembamba juu ya maji ya zege.
- Kitambaa cheupe kinene cha kukomazia zege, kipya, kisichotoa rangi.
- Kipimajoto cha kuchomeka kwenye zege.

Kundi hili la mwisho ndilo watu hulikata bei inapozidi. Mimi ningeanza kukata mahali pengine kokote.

Pamoja na hayo nunua glavu, buti za mpira, miwani, na barakoa za kuzuia vumbi la kukatia. Saruji mbichi inachoma ngozi polepole bila kuuma mwanzoni, na mtu hugundua jioni.

## Kwa nini upepo, kuliko jua

Watu huogopa jua wakasahau upepo. Mafundi wa zege wana kanuni ya kukadiria maji yanayotoka kwenye uso kwa saa, na kikomo kinachokubalika ni kilo 1 kwa kila mita ya mraba. Ukipita hapo, maji yanaondoka haraka kuliko yanavyopanda kutoka ndani, na uso unapasuka ukiwa bado mbichi.

Chukua mchana wa Ibri: hewa digrii 40, unyevu asilimia 20, zege digrii 32, upepo kilomita 20 kwa saa. Kanuni inatoa kilo 1.5. Weka uzio wa turubai upepo ushuke hadi kilomita 10, mengine yote yabaki vilevile, unapata kilo 0.88. Sasa njoo alfajiri: hewa digrii 30, unyevu asilimia 60, zege digrii 30, upepo kilomita 5. Unapata kilo 0.29 tu.

Hoshi ileile, zege lilelile, na tofauti ya mara tano. Ndiyo maana nasema kazi hii hushinda au hushindwa kabla lori halijafika.

Wakazi wa Batina wana hatari yao ya pekee. Siku nyingi pwani ina unyevu mwingi na zege linastahimili. Lakini upepo wa gharbi ukivuma kutoka bara, hewa hukauka ghafla na joto linaruka. Niliwahi kumwaga Barka asubuhi ya baridi nzuri, bila uzio, kwa sababu jana yake hapakuwa na hata jani lililotikisika. Saa 2 asubuhi gharbi likaanza. Nusu ya hoshi ile nilikuja kuivunja kwa gharama yangu. Tangu siku hiyo sifungui mlango wa lori kabla turubai haijasimama.

## Hatua ya 1: Chagua msimu, siku na saa

Msimu mzuri ni Novemba hadi Machi. Ukiweza kungoja, ngoja. Nimewashauri wenye nyumba wengi waahirishe kazi ya Juni, na wasiosubiri wengi wao walirudi kutaka ukarabati.

Ukilazimika kiangazi, zege liwe chini saa 11 alfajiri, au mapema zaidi kwa taa. Juni jua la Maskati huchomoza saa 11:20 hivi, na saa 3 asubuhi kazi ya mihuri inapaswa kuwa imekwisha. Kumbuka sheria ya Oman: kuanzia Juni hadi mwisho wa Agosti, kazi za juani husimama kuanzia saa 6:30 mchana hadi saa 9:30 alasiri. Falme za Kiarabu husimamisha kuanzia 15 Juni hadi 15 Septemba, saa 6:30 hadi saa 9 alasiri. Panga ratiba yako imalizike kabla, na maji ya kunywa yawe kivulini karibu na watu.

Gawanya kazi. Watu 4 wanamudu mita za mraba 20 kwa asubuhi moja kwenye joto. Kwa hoshi ya 40, fanya asubuhi mbili, na mpaka kati ya sehemu hizo uangukie kwenye mstari wa kukatia (tazama Hatua ya 9) ili usionekane.

Dalili ya mafanikio: utabiri wa upepo wa saa nne za mwanzo ni mdogo, na kila mtu anajua nafasi yake tangu jana.

## Hatua ya 2: Andaa ardhi

Chimba sentimita 20 hadi 25 chini ya uso unaotaka. Toa mizizi na udongo laini. Mwaga changarawe, lowesha kidogo, shindilia kwa mashine. Tabaka moja lisizidi sentimita 15, vinginevyo mashine inakaza juu tu.

Angalia chumvi. Karibu na bahari na kwenye sabkha (tambarare za chumvi) utaona ukoko mweupe juu ya udongo uliokauka. Chumvi ya aina hiyo hula zege na chuma kutoka chini, na hupanda juu kama unga mweupe unaoharibu rangi. Hapo chimba zaidi, toa udongo huo, agiza saruji inayostahimili salfeti, na tandika nailoni nene ya geji 1000 chini ya zege.

Pasipo na chumvi, usitandike nailoni. Nailoni inazuia maji yasishuke, tumbo linabaki laini muda mrefu zaidi huku juu kunakauka, na hilo ndilo ganda tunalolikimbia. Badala yake, lowesha changarawe usiku wa kuamkia kazi, na tena saa moja kabla ya kumwaga. Iwe na unyevu, pasiwe na madimbwi.

Dalili ya mafanikio: kisigino cha buti hakiachi alama kwenye changarawe.

## Hatua ya 3: Mbao, mteremko na chuma

Funga mbao za pembeni na uweke mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, kutoka kwenye nyumba kwenda nje. Mvua ya Oman ni ya nadra, lakini ikija huja kwa fujo, na chapa ina mifereji midogo inayoshika maji.

Bandika ukanda wa sponji kwenye kila ukuta, nguzo na mfuniko wa bomba. Zege likishikana na ukuta, mmoja wao atapasuka.

Inua wavu wa chuma juu ya vipande vya zege, ukae juu kidogo ya katikati ya unene, ubaki na sentimita 4 za zege juu yake, maana mhuri utakula milimita kadhaa. Tabia ya kuuacha wavu chini na "kuuvuta kwa ndoano" wakati wa kumwaga haifai. Haujawahi kuvutwa ukakaa sawa.

## Hatua ya 4: Simamisha uzio wa upepo na kivuli

Fanya hivi siku moja kabla. Turubai iwe upande upepo unakotoka na pande mbili za jirani, kimo cha mita 2. Wavu wa kivuli uwe juu vya kutosha mtu asimame na floti. Kivuli kinapoza changarawe, mbao na chuma pia. Nondo iliyoanikwa juani huchoma mkono, na zege linaloigusa huganda pale kwanza.

Vyote hivi vinabaki mahali pake baada ya kumwaga. Wengi huviondoa mara mihuri ikimaliza, wakati zege lingali changa.

## Hatua ya 5: Agiza zege lililopoa

Mwambie msimamizi wa mtambo wa zege mambo manne, na uyaandike kwenye oda: joto la zege lisizidi digrii 32 likifika, kokoto za milimita 10, slampu ya milimita 100 hadi 125 (yaani zege lishuke kiasi hicho koni ya kupimia ikitolewa), na dawa ya kuchelewesha iwemo. Lori lenye zege la zaidi ya digrii 35 lirudishe. Inauma, lakini kuvunja hoshi kunauma zaidi.

Marufuku dawa za kuharakisha zenye kloridi ya kalsiamu. Huacha mabaka kwenye zege la rangi na huozesha chuma.

Ukichanganya mwenyewe kwa mashine ndogo, jua ni kiungo gani kinapoza zaidi. Ili zege lishuke digrii 1, inabidi saruji ishuke 8, au maji 4, au kokoto na mchanga 2 tu. Kwa hiyo anza na kokoto: ziweke kivulini na uzinyunyizie maji usiku kucha, kisha upunguze kiasi hicho kwenye maji ya mchanganyiko. Baada ya hapo tumia barafu. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka hufyonza joto mara tatu hivi kuliko kilo ya maji ya baridi yanayopanda kutoka digrii 5 hadi 30. Barafu nayo ni maji, ipimwe ndani ya hesabu, na iwe imeyeyuka yote kabla ya kumwaga.

Kuhusu rangi: wapo wanaonyunyiza unga wa rangi juu ya zege bichi. Kwenye nchi za unyevu inafaa, kwa sababu unga unalowa kwa maji yanayopanda. Hapa maji hayo yanaibwa na hewa, unga unabaki mkavu chini, na baadaye unabanduka kama ganda la kitunguu. Changanya rangi ndani. Epuka pia weusi wa kaboni, unafifia juani. Oksidi za chuma hazififii. Na chagua rangi ya mchanga, ya udongo au ya kijivu hafifu. Hoshi nyeusi mwezi Juni haikanyagiki na mtoto mwenye miguu mitupu.

## Hatua ya 6: Fanya mazoezi makavu

Panga mihuri yote juu ya changarawe siku moja kabla. Ipe namba kwa chaki, anza kwenye mstari wa uzi ulionyooka, uone itaishia wapi ukutani. Amua sasa muhuri laini utatumika pembe zipi. Halafu mwaga kipande cha majaribio cha mita moja kwa moja, kwa mchanganyiko uleule na saa ileile, ukipige chapa. Kipande hicho kitakwambia rangi itakavyokuwa na muda ulionao tangu kumwaga hadi kupiga. Sijui fundi mzuri anayekiruka.

## Hatua ya 7: Mwaga na usawazishe

Anza upande wa mbali na lori. Mwaga karibu na linapokaa, usilisukume mbali kwa beleshi. Sawazisha kwa rula ya alumini mara moja, kisha pitisha floti ya mpini mrefu mara moja au mbili. Basi. Kusugua sana kunaleta uji wa saruji juu, na uji huo ndio unaopasuka kwanza.

Lori limalizike ndani ya dakika 60 tangu maji yaguse saruji. Kipimo cha kawaida ni dakika 90. Kwenye joto mimi sizifikii. Dereva akitaka kuongeza maji kwa bomba lake, mkataze. Kila lita inapunguza nguvu na kubadili rangi, na nusu ya pili ya hoshi itakuwa nyeupe kuliko ya kwanza.

Mara tu floti ikipita, nyunyiza dawa ya kuzuia uvukizi. Huo utando mwembamba unazuia maji yasiruke na kukupa muda. Rudia kila mng'ao wa unyevu unapopotea, lakini usiichanganye ndani kwa mwiko. Si maji ya kusugulia.

Dalili ya mafanikio: uso una mng'ao hafifu, sawasawa kila mahali, hauna mabaka makavu yenye rangi ya majivu.

## Hatua ya 8: Piga chapa

Hapa ndipo watu huanguka, kwa hiyo soma polepole.

Ujue wakati. Bonyeza kidole gumba. Kikiacha shimo la milimita 6 na hakitoki na uji, zege limefika. Likijaa maji, ngoja. Kidole kikishindwa kuingia milimita 3, umechelewa. Mtu akisimama juu ya mhuri asizame. Jaribu mahali kadhaa. Pale palipomwagwa kwanza na kando ya mbao za upande wa jua hufika mapema.

Ujue ganda. Weka kiganja na usukume kidogo. Uso ukicheza juu ya kitu laini, kama utando juu ya uji uliopoa, hilo ni ganda. Usipige, na usimwage maji. Maji juu ya ganda hufanya tope dhaifu lisiloshikana na zege la chini, na ndilo linalobanduka baada ya miezi miwili. Chukua floti ya magnesiamu, nyunyiza dawa ya kuzuia uvukizi, sugua kidogo ganda livunjike na liungane na lililo chini, ngoja dakika chache, ujaribu tena. Likiwa limeshakaza mno, acha mihuri migumu, tumia ule laini kwa shinikizo dogo upate alama za juujuu tu. Hoshi yenye chapa hafifu ni bora kuliko hoshi iliyopasuka.

Nyunyiza dawa ya kuzuia kunata. Mimi natumia ya maji, si ya unga. Unga unaleta kivuli kizuri cha rangi mbili kwenye mifereji, lakini upepo unaupeleka kwa jirani, na unabaki juu ya zege kwa siku nzima au zaidi, muda ambao sisi tunataka kulifunika kwa kitambaa cha maji. Dawa ya maji inaruka haraka kwenye joto, kwa hiyo nyunyiza sehemu ya mihuri miwili inayofuata tu, na chini ya mihuri yenyewe.

Piga. Weka mhuri wa kwanza kwenye uzi. Huu ukipinda, yote itapinda. Weka wa pili na wa tatu, ikigusana kingo bila kusukumana. Tembea juu ya wa kwanza kwenda wa pili. Uzito wako mara nyingi unatosha. Gonga kwa kishindilio mara moja au mbili, pale tu mguu haukutosha. Kina kiwe milimita 3 hadi 6. Kuunyanyua, shika upande mmoja uingize hewa, usiuvute wima.

Mtu wa nyuma ashughulikie maungio palepale: uji uliojitokeza kati ya mihuri anaukata na kuulainisha kwa kisu kidogo cha chapa. Ukiuacha hadi kesho, itabidi utumie grenda.

Ukiona mwisho unakushinda kasi, punguza pambo. Pindua mpango, weka ukanda wa kawaida wa mikwaruzo ya fagio kando ya ukuta. Nimefanya hivyo mara mbili, na wenye nyumba walidhani ndivyo ilivyochorwa.

Dalili ya mafanikio: mistari inaendelea kutoka mhuri hadi mhuri bila kuruka, kingo ni kali, na hakuna ufa wa nywele ndani ya mifereji.

## Hatua ya 9: Kata mistari siku ileile

Zege litasinyaa, na litapasuka tu. Wewe unachagua wapi. Kwa unene wa sentimita 10, mistari iwe kila mita 2.4 hadi 3, na kina cha robo ya unene, yaani sentimita 2.5. Vipande viwe karibu na mraba.

Kiangazi usingoje kesho. Kwa msumeno wa kukata mapema anza mara zege likiweza kubeba mashine bila kingo kumomonyoka. Saa chache tu baada ya kupiga. Fuata mfereji wa chapa inapowezekana ili mkato ujifiche. Tumia maji au kifyonza vumbi, na vaa barakoa: vumbi la zege linaharibu mapafu.

## Hatua ya 10: Komaza kwa siku 7

Osha tope la kukatia, halafu funika kwa kitambaa cheupe kilicholowa, mara tu uso usipoachwa alama. Kinyooshe kabisa. Kilichokunjamana huacha michirizi iliyokoza, na kwa sababu hiyohiyo usitumie nailoni moja kwa moja juu ya zege la rangi. Magunia ya zamani nayo hutoa rangi ya chai.

Kiwe kimelowa mchana na usiku, siku 7, bila kukauka hata alasiri moja. Kulowa na kukauka kwa zamu kunaliumiza zege. Tumia maji ya bomba la serikali, ambayo yamesafishwa chumvi. Visima vingi vya Batina vimeingiliwa na maji ya bahari, na chumvi hiyo itabaki usoni kama mabaka meupe. Maji yasiwe ya baridi ya barafu, wala yale yaliyochemka ndani ya bomba lililolala juani. Yaache yatoke kwanza.

## Hatua ya 11: Safisha na upake vanishi

Ngoja siku 28 tangu kumwaga. Ukiona unga mweupe, sugua kwa brashi kavu kwanza. Usipotoka, tumia asidi iliyozimuliwa sana kama maelekezo ya kopo yanavyosema, suuza mara tatu, acha pakauke siku mbili.

Vanishi ya akriliki ipakwe tabaka mbili nyembamba. Nene hukwama, huwa nyeupe, na huteleza. Kwenye tabaka la pili changanya chenga za kuzuia utelezi, hasa karibu na bwawa au mahali pa kutawadhia.

Saa ya kupaka ni jambo kubwa. Asubuhi zege linapopata joto, hewa iliyo ndani ya vinyweleo hupanuka na kutoka kama mapovu, na mapovu yanabaki humo milele. Paka alasiri zege linapoanza kupoa, joto la uso likiwa chini ya digrii 32. Lakini pwani usichelewe usiku, umande ukiangukia vanishi mbichi unaifanya kuwa maziwa. Karibu saa 11 jioni, wakati wa majira ya baridi, ndiyo saa yangu.

Mapovu yakitokea kwenye vanishi ya kiyeyushi, isiyo ya maji, nyunyiza zailini (kiyeyushi chake) kidogo, pitisha rola taratibu, itayeyuka na kujilaza. Fanya hivyo mbali na moto wowote.

## Ikiharibika

Nyufa za nywele zisizoshika ukucha: ziache, vanishi itazificha. Zinazoshika ukucha lakini zege halilii mvungu: jaza kwa saruji laini yenye rangi ileile, kisha vanishi. Gonga kwa nyuma ya nyundo eneo zima. Palipo na sauti ya mvungu uso umeachana na zege, na hapo hakuna kupaka. Kata kipande hicho kwenye mistari yake, ukivunje, ukimwage upya kwa kufuata hatua zilezile. Kila anayejaribu kutandaza saruji juu yake huniita mara ya pili.

## Matunzo

Fagia mchanga kila wiki, maana chini ya viatu unafanya kazi ya msasa. Osha kwa maji na sabuni laini. Kila baada ya miaka miwili au mitatu, mimina kikombe cha maji mahali pakavu: matone yakisimama juu, vanishi ipo, maji yakinywewa na zege likawa jeusi ndani ya dakika chache, subiri alasiri ya baridi, safisha, na upake tabaka moja jembamba.